Tangazo la Vita na Daftari la Forodha

(Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wao na wazee waalikwa. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya vita vinavyopiganwa kwa jina la wema, yaani vile ambavyo mwenye kuvianzisha husema kwamba amekuja kumkomboa mtu, kumfungua minyororo au kumtoa chini ya mtawala dhalimu. Nitasema tangu sasa ninachokiamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali yake. Sidai kwamba sababu hizo njema ni uongo siku zote. Mara nyingi ubaya unaotajwa upo kweli, na wapo watu waadilifu wanaouchukia kwa dhati. Lakini tangazo la vita vya namna hiyo, hata linapobandikwa kwenye kuta za mji uliotekwa, huwa limetungwa kwa ajili ya raia wa nchi inayovamia, kwa sababu hao ndio watakaolipa kodi na kutoa vijana wao, na hakuna raia popote duniani anayekubali kwa urahisi mwanawe afe ili kampuni ya mtu mwingine ipate faida. Basi anayetaka kuvielewa vita hivyo asiishie kwenye tangazo. Afungue na daftari la forodha, atazame kilichoingia, kilichotoka, na nani aliyeshika ufunguo wa ghala.

Tuanze hapa nyumbani, maana Pangani si mbali na ukumbi huu.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar, ambaye alikuwa ameketi kitini kwa mwezi mmoja tu, alitia saini mkataba uliolikabidhi Shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki utawala wa mrima, yaani pwani ya bara, pamoja na haki ya kukusanya ushuru wa forodha kwa miaka 50. Mwezi Agosti watumishi wa shirika wakaja kuzichukua bandari. Pangani aliletwa Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimpachika jina la Nyundo, na mwenendo wake ulistahili jina hilo. Alimdharau liwali, akaipandisha bendera ya shirika kwa nguvu za askari wa manowari, na inasimuliwa kwamba watu wake waliingia msikitini na mbwa. (Huyu ndiye aliyekuja kuuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo mwaka 1891, kwa wale wanaopenda kujua mwisho wa watu.)

Watu wa pwani waliinuka kwa ajili ya nini? Waliinuka kwa ajili ya ushuru, kwa ajili ya mashamba ambayo shirika lilitaka yaandikishwe kwake, na kwa ajili ya heshima ya miji yao. Abushiri bin Salim akaongoza Pangani, Bwana Heri akaongoza Sadani, na kabla mwaka haujaisha shirika lilikuwa limebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa ulinzi wa mizinga ya manowari.

Sasa jiwekeni mahali pa wakubwa wa Berlin. Kampuni ya watu binafsi imekodi forodha, imeshindwa kuiendesha, imefukuzwa. Nani atakayesimama bungeni kuomba fedha za umma ili kuiokoa? Kansela Bismarck mwenyewe hakuwa na hamu ya kubeba mzigo huo, na chama cha Wakatoliki, ambacho alihitaji kura zake, kilikuwa kimegombana naye kwa miaka mingi. Hapo ndipo sababu njema ilipopatikana, na haikubuniwa na shirika. Kardinali Lavigerie, Mfaransa, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alikuwa mwaka huohuo akizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika, na wito wake ulikuwa wa haki. Mwezi Oktoba 1888 ukafanyika mkutano mkubwa mjini Cologne. Watu wakasikia habari za misafara, za watoto waliotenganishwa na mama zao, wakalia, wakadai serikali yao ichukue hatua. Tarehe 30 Januari 1889 Bunge la Ujerumani likaidhinisha marki milioni 2, na sheria iliyotangazwa siku chache baadaye ilipewa jina la sheria ya kupiga vita biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki.

Walimu, naomba jina hilo la sheria mliandike ubaoni, lote. Watu wa Cologne walichangia machozi yao kwa ajili ya nusu ya kwanza. Shirika lilikuwa likisubiri nusu ya pili.

Na hapa nisingependa tumfanye Abushiri malaika. Alikuwa na shamba la miwa, na miwa ya Pangani ililimwa na watumwa. Wapo miongoni mwetu humu ambao babu zao walikuwa upande mmoja wa jambo hilo, na wapo ambao bibi zao walikuwa upande wa pili, na sote tunajuana. Ubaya ulikuwepo. Laiti usingekuwepo, hoja ya vita isingepata miguu ya kutembelea.

Afisa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akaletwa na askari wa kukodiwa, Wasudani waliochukuliwa Misri na Washangani kutoka Msumbiji. Boma la Abushiri karibu na Bagamoyo likavunjwa mwezi Mei 1889, Pangani ikatekwa Julai, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Sultani akapewa marki milioni 4, pwani ikawa mali ya Ujerumani moja kwa moja, na tarehe 1 Januari 1891 serikali yenyewe ikashika utawala.

Tufungue daftari. Forodha ilipata mwenyewe mpya mara moja. Je, mtumwa? Yule mtumwa wa mkutano wa Cologne, ambaye kwa ajili yake zile marki milioni 2 zilitolewa? Biashara ya kusafirisha watumwa kwa majahazi ilibanwa kweli, nisiwanyime Wajerumani haki hiyo. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa. Uliwekewa kanuni, ukatambuliwa na sheria, na mabwana wa mashamba wakaachwa na watu wao, kwa sababu utawala mpya ulihitaji mashamba yazalishe na uliwahitaji mabwana hao wawe maakida wake. Ilipofika 1904 ikatolewa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Watoto tu. Mama zao walibaki walivyo. Utumwa ulifutwa kabisa Tanganyika mwaka 1922, na aliyeufuta alikuwa Mwingereza. Forodha ilichukuliwa kwa vita vya miezi michache, na mtumwa aliyekuwa sababu ya vita alisubiri miaka 33.

Mabibi na mabwana, Mjerumani alikuwa mwanafunzi tu katika jambo hili. Mwalimu alikuwa Brussels.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita wanajiografia na wasafiri mashuhuri katika kasri lake mwezi Septemba 1876, akaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ambayo kwa maneno yake ilikuwa ya sayansi, ya ustaarabu na ya kuukomesha utumwa. Moja ya vituo vyake vya kwanza kilijengwa Karema, kwetu, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Mwaka huo huo walishushwa Msasani tembo wanne kutoka India ili ijaribiwe kama wanaweza kubeba mizigo ya jumuiya hadi ziwani. Masikini, wote walikufa. Nani angemshuku mfalme anayewatumia tembo kwa ajili ya sayansi?

Mwaka 1885 mataifa yakamtambua Leopold kuwa mtawala wa nchi nzima ya Kongo. Miaka miwili baadaye, huyo adui wa biashara ya watumwa alimteua Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip wetu wa Zanzibar, awe gavana wake wa Stanley Falls, kwa mshahara. Mnaona? Wakati nguvu hazijatosha, mfanyabiashara ya watumwa aliajiriwa. Kisha mwaka 1889 Leopold huyohuyo akawa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa mataifa wa kupinga utumwa, na alichoondoka nacho ni ruhusa ya kutoza ushuru wa hadi asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia Kongo, jambo ambalo mkataba wa mataifa wa Berlin wa 1885 ulikuwa umemkataza. Hoja aliyoitoa ni kwamba kupambana na utumwa kunahitaji fedha.

Mwaka 1891 akatoa amri ya siri kwamba pembe za ndovu na mpira katika sehemu kubwa ya nchi ni mali ya dola. Sasa pembe za Kongo ya mashariki zilikuwa mikononi mwa nani? Zilikuwa mikononi mwa Waungwana na Waarabu wa miji ya Nyangwe na Kasongo. Vita vikazuka mwaka 1892. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa, Nyangwe na Kasongo zikatekwa mwaka 1893, na Ulaya ikasherehekea ushindi dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa. Pembe zilizokuwa zikishuka kwa misafara hadi Bagamoyo zikageuzwa zifuate mto, kuelekea magharibi, hadi Antwerp. Kilichofuata mnakijua. Matairi ya hewa yalikuwa yameanza kutengenezwa mwaka 1888, dunia ikataka mpira, na watu wa Kongo walipelekwa msituni kuugema kwa mtutu wa bunduki, wake zao wakishikwa mateka, na askari wakitakiwa kuonyesha mikono iliyokatwa kama uthibitisho kwamba risasi hazikupotea bure.

Na je, siri hiyo ilifichuliwa na nani? Wamisionari waliandika, na George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alikuwa amemwandikia mfalme barua ya wazi tangu 1890. Lakini aliyeufanya uongo ule ushindwe kusimama alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel, aliyekuwa akitumwa Antwerp kusimamia shehena. Morel hakuwa amekanyaga Kongo. Alisoma hesabu. Akaona kwamba meli zinarudi zimejaa mpira na pembe za thamani kubwa, na zinapokwenda hazibebi bidhaa za kubadilishana, zinabeba bunduki na risasi. Akajiuliza, kama hawa watu hawauziwi kitu, wanalipwa nini? Jibu lilikuwa kwamba hawalipwi. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji, na mwanzo wa safari hiyo ulikuwa daftari.

Msije mkadhani hayo ni mambo ya kale. Twendeni Baghdad.

Waingereza waliingia Baghdad mwezi Machi 1917, na jemadari wao, Stanley Maude, akatoa tangazo lililowaambia wakazi kwamba majeshi yake hayakuja kama washindi wala maadui, yamekuja kama wakombozi. Maneno matamu, na Mturuki kweli alikuwa ametawala kwa mkono mzito. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1914, serikali ya Uingereza ilikuwa imenunua hisa nyingi kuliko nusu katika kampuni ya mafuta iliyochimba Uajemi, kwa kuwa manowari zake zilikuwa zikiacha makaa ya mawe na kutumia mafuta. Mkataba wa kusitisha vita na Waturuki ulitiwa saini tarehe 30 Oktoba 1918. Siku chache baadaye, vita vikiwa vimekwisha kwa maandishi, jeshi la Uingereza likasonga mbele na kuuchukua Mosul. Kwa nini Mosul? Waliokombolewa walipoasi mwaka 1920 wakidai uhuru walioahidiwa, walipigwa kwa ndege. Mwaka huohuo, katika mkutano wa San Remo, Uingereza na Ufaransa ziligawana mafuta ya Mosul yakiwa bado ardhini, Wafaransa wakipewa asilimia 25. Mwaka 1927 kisima cha Baba Gurgur karibu na Kirkuk kikafumuka. Wenye hisa katika kampuni iliyochimba huko walikuwa Waingereza, Waholanzi, Wafaransa, Wamarekani na Muarmenia mmoja tajiri. Iraki haikuwa na hisa hata moja. Ililipwa mrabaha wa shilingi 4 za dhahabu kwa tani.

Mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraki, Baghdad ikatekwa tena, na operesheni yenyewe ikabatizwa jina la uhuru wa Iraki. Silaha za maangamizi zilizotajwa hazikupatikana. Mwezi Aprili, Makumbusho ya Taifa, yenye vitu vya miaka elfu kadhaa, yaliporwa kwa siku nzima nzima bila ulinzi, huku wizara ya mafuta ikizungukwa na askari wa Marekani. Siwezi kuwasomea moyo wa aliyetoa amri, ila naweza kuona ni mlango gani uliolindwa.

Hapa lazima niwe mwadilifu, maana najua kuna kijana atakayeniuliza. Mikataba mikubwa ya visima ilipopigwa mnada mwaka 2009, haikwenda yote kwa kampuni za waliopigana. Kampuni ya taifa ya Uchina ilipata sehemu yake Rumaila, pamoja na BP, bila Uchina kufyatua risasi. Basi daftari halisemi kwamba mvamizi hufanikiwa kila mara. Linaonyesha alichokithamini zaidi siku ya kwanza, kabla hajapata muda wa kuandaa maelezo.

Ndugu zangu, kama ningekomea hapa, mngerudi nyumbani mmeridhika kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Haiwezekani. Mwezi Agosti 1998 majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia Kongo kwa mara ya pili. Sababu walizotoa hazikuwa za kubuni. Waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 walikuwa wamejificha katika misitu ya Kongo, na waasi waliokuwa wakiua raia wa Uganda walikuwa na maficho huko. Nani angethubutu kumwambia Mnyarwanda asijilinde?

Lakini mwezi Juni 2000 majeshi hayo mawili, washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe kwa siku sita ndani ya Kisangani, mji ulio mbali sana na mpaka wa yeyote kati yao na ulio kitovu cha biashara ya almasi. Mamia ya raia walikufa, watu ambao wengi wao wanazungumza Kiswahili hiki hiki ninachowahutubia nacho. Kama adui alikuwa muuaji wa 1994, Mganda na Mnyarwanda waligombea nini Kisangani? Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilifanya kazi ileile ya Morel, likasoma takwimu za mauzo ya nje, likakuta kwamba Uganda inauza dhahabu nyingi kuliko inayochimba, na inauza almasi ilhali haina machimbo ya almasi yanayojulikana.

Kongo ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa kuingia, kwa kulikalia eneo la Ituri, mashariki mwa Kongo, na kwa uporaji uliofanywa na askari wake. Nawaomba mtambue na hili, kwamba majaji hawakupata ushahidi kuwa uporaji ulikuwa sera ya serikali ya Uganda. Waliiwajibisha kwa matendo ya askari wake na kwa kutowazuia. Mwaka 2022 ikatajwa fidia ya dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 ni za maliasili pekee. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Na kuhusu Goma na koltani (madini ya kutengenezea vifaa vya elektroniki) ya Rubaya, huko Kongo ya mashariki, ambako wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaandika jambo moja na Kigali inakanusha, nyinyi wenyewe mnasikiliza redio.

Nafika kwenye swali ambalo nimeliona machoni mwenu tangu nilipoanza. Na sisi je? Na Kagera?

Ni swali halali. Idi Amin wa Uganda alivamia Kagera, kaskazini magharibi mwa nchi yetu, mwezi Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa, ng'ombe na mitambo ikachukuliwa. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Kumtoa Amin katika ardhi yetu hakukuhitaji maelezo kwa mtu yeyote. Lakini jeshi letu halikuishia mpakani, lilifika Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na huko mbele ya safari sababu iliyosikika ilikuwa ya kuwakomboa Waganda. Pale Monrovia, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwezi Julai, wapo viongozi waliotulaumu hadharani.

Nimelifungua na daftari hilo, kwa kuwa ningekuwa mnafiki nisingelifungua. Hakuna mgodi wa Uganda uliopewa kampuni ya Tanzania. Hakuna forodha tuliyoikalia. Gharama inayotajwa mara nyingi ni takriban dola milioni 500, na waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, ingawa vita havikuwa chanzo pekee cha dhiki ile. Katika ukurasa huo nadhani tunaweza kusimama mbele ya mtu yeyote.

Ukurasa mwingine ni mgumu zaidi. Masaka na Mbarara zilibomolewa na majeshi yetu, na waliozibomoa walisema wanalipiza yale ya Kagera. Kampala iliporwa, na si raia wa Uganda pekee waliopora. Baada ya hapo tulibaki nchini mwao hadi 1981, tukiwa karibu mno na siasa zilizomrudisha madarakani Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Vitabu vyetu vya shule husimulia daraja la Kyaka kwa kirefu na kuipita Masaka haraka haraka. Mimi nilikuwa mtoto wakati ule, na ninayoyajua nimeyasoma. Lakini katika safu ya mbele wameketi wazee wawili waliovuka Kagera wakiwa na sare, na wamekubali kuzungumza nasi leo. Wazee wangu, karibuni. Walimu, kalamu zenu ziwe tayari, na muwaulize pia kuhusu Masaka.